Je, Wajua? Kiwimbi kilichovuliwa cheo

Lugha ya programu ya Haskell ina usawa wa namna tatu. Alama = hutoa jina. Alama == huuliza kama thamani mbili zinalingana, na jibu hupatikana programu ikiwa inaendeshwa. Ya tatu ni kiwimbi, ~, na hii haihusu thamani bali aina. Ukiandika a ~ Int kwenye tamko la funksheni, unadai kwamba a haiwezi kuwa kitu kingine ila Int, yaani namba kamili. Kompaila hulikagua dai hilo mapema, kabla programu haijaendeshwa, na isiporidhika hugoma.

Kwa miaka mingi kiwimbi kilidekezwa na GHC, kompaila kuu ya Haskell iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Kilikuwa sehemu ya sarufi yenyewe: hakikutoka moduli yoyote, na kukitumia kulihitaji kuwasha kiendelezi (nyongeza ya lugha) cha GADTs au TypeFamilies.

Toleo la 9.4, la Agosti 2022, likakivua cheo. Sasa ni opereta ya kawaida kutoka moduli ya Data.Type.Equality, na kiendelezi chake ni TypeOperators. Programu za zamani je? Nyingi ziliambulia maonyo tu, maana Prelude, moduli inayoingia kimyakimya katika kila programu, nayo hukitoa. Hata mkaidi aliyeikataa Prelude na kusahau kukiagiza kiwimbi, toleo hilo lilimvumilia, likaendelea na kazi.