Kioo cha Murano: Picha nayo ni mtaji

WAPULIZA kioo wa kisiwa cha Murano, Italia, wanasumbuliwa na jambo linalofahamika vizuri Kariakoo: bidhaa za kuiga kwa bei chee. Mwaka 1994 mkoa wa Veneto ulipitisha sheria ya nembo ya kuwalinda. Lakini nembo haimwonyeshi mteja jasho la fundi. Picha humwonyesha, ikipigwa vizuri. Wengi huharibu kwa flashi: donge lililotoka kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000 hupoteza wekundu, likaonekana chupa tu. Zima flashi, tanuri liwe taa, ngoja fundi apulize. Gesi ilipopanda mwaka 2021, baadhi ya matanuri yalizimwa; gharama hiyo imo kwenye bei. Mwagizaji adai nembo na picha pamoja na ankara.