Urubani: Saa 200 zinazoweza kumeza kiwanja cha Kigamboni

THAMANI ya viwanja vya Kigamboni imepanda tangu Daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, lifunguliwe Aprili 2016. Kwa familia nyingi za Kibada, Mjimwema na Kimbiji, kiwanja ndiyo akiba kubwa kuliko zote. Hivyo mtoto anapomaliza kidato cha sita na kutaka kusomea urubani, wa kwanza kuitwa huwa ni dalali.

Kabla dalali hajaitwa, inafaa mzazi afahamu bidhaa anayotaka kuinunua. Shule ya urubani haiuzi cheti. Inauza saa za kuruka, na bei ya saa hizo ndiyo inayoamua kama kiwanja kitatosha.

Ngazi za leseni

Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinataka mwenye leseni ya rubani binafsi awe na umri wa miaka 17 na saa zisizopungua 40 angani. Leseni hiyo haimruhusu kulipwa kwa kurusha ndege.

Anayetaka kulipwa anahitaji leseni ya rubani wa biashara. Hapa umri ni miaka 18 na saa ni 200, au 150 kwa aliyesoma kozi moja mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, inadai saa 1,500 na umri wa miaka 21.

Hapa nchini msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Shule lazima iwe na cheti cha mamlaka hiyo. Aliyesoma nje naye hawezi kurusha ndege iliyosajiliwa Tanzania, yaani zenye alama ya 5H, hadi leseni yake itambuliwe na TCAA.

Kwa nini saa ni ghali

Ndege ndogo ya mafunzo, kama Cessna 172, hunywa takriban lita 30 hadi 35 kwa saa. Haitumii mafuta ya jeti bali petroli maalumu ya ndege, ambayo huagizwa kutoka nje kwa kiasi kidogo kwa sababu watumiaji wake ni wachache. Kila baada ya saa 100 ndege hukaguliwa, na injini yake hufumuliwa na kusukwa upya inapokaribia saa 2,000. Bima, mshahara wa mkufunzi na ada za kutua navyo vimo katika bei ya saa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Shule ikitoza dola 180 kwa saa, saa 200 ni dola 36,000. Kwa sh. 2,400 kwa dola, hizo ni sh. milioni 86.4. Dola ikifika sh. 2,600, kozi ileile inakuwa sh. milioni 93.6. Tofauti ya sh. milioni 7.2 imetokana na shilingi peke yake, na mwanafunzi hajaongeza hata dakika moja angani.

Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 2024 dola ilivuka sh. 2,600, kisha shilingi ikapata nguvu mwishoni mwa mwaka huo. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinataka bei za huduma za ndani zitajwe na kulipwa kwa shilingi, hivyo shule ya hapa nchini haipaswi kumdai mzazi dola. Anayempeleka mtoto nje bado anabeba mzigo huo.

Aidha, saa 200 ni kiwango cha chini. Mwanafunzi akihitaji saa 20 za ziada ili afaulu, kwa mfano ule ule ataongeza dola 3,600. Tangazo la shule mara nyingi halitaji ada za mitihani, vipimo vya afya, malazi, wala mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo na ya ndege ya injini mbili. Mafunzo hayo mawili ndiyo waajiri wengi huyaulizia.

Wapi pa kusomea

Zamani marubani wa kanda hii walisomea Soroti, Uganda, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilianza kujitafutia njia. Tangu hapo Watanzania wengi wamefuata shule za Uwanja wa Wilson, Nairobi, au za Afrika Kusini na Ethiopia.

Kwa upande wa ndani, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) cha Mabibo kimewekewa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia kupitia mradi wa EASTRIP, ili kiwe kituo cha mafunzo ya usafiri wa anga, urubani ukiwamo. Mtoto wa Kigamboni anayesomea Mabibo anaepuka gharama za malazi ya ugenini.

Soko la ajira

Mahitaji yapo, lakini hayatulii. Air Tanzania ilianza kufufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Bombardier Q400, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa imeongeza Boeing 787, Airbus A220, Boeing 737 MAX na ndege ya mizigo. Kwa upande mwingine, fastjet iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2012 ilisimamisha safari zake Desemba 2018. Wawekezaji wadogo walionunua hisa za Precision Air kwa sh. 475 mwaka 2011 nao wanaijua vizuri biashara hii inavyoyumba.

Pengo kubwa liko kati ya saa 200 na ajira ya kwanza. Mwenye leseni mpya hana uzoefu ambao makampuni huutaka, na uzoefu haupatikani bila kuruka. Wengine huwa wakufunzi ili wakusanye saa huku wakilipwa. Wengine husubiri nafasi katika makampuni yanayorusha ndege ndogo kwenda Zanzibar, Mafia na mbugani. Mzazi aliyemaliza fedha zote siku ya mahafali hana cha kumsaidia mtoto katika kipindi hiki.

Hatua za kufuata

Kwanza ni kipimo cha afya cha daraja la kwanza, mbele ya daktari anayetambuliwa na TCAA. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kozi. Tatizo la macho, moyo au kifafa likigundulika mapema, kiwanja kinasalimika.

Pili ni kununua kwa awamu. Leseni ya rubani binafsi itaonyesha kama kijana anaiweza kazi, na mzazi anaweza kusimama hapo baada ya saa 40 badala ya 200. Mwenye eneo kubwa akate sehemu auze, asitoe lote.

Tatu ni mkataba. Shule inayodai ada yote mkononi kabla ya ndege kuruka iulizwe ina ndege ngapi zinazofanya kazi, na itarudisha kiasi gani ikisimama. Ni salama zaidi kulipia saa kadiri zinavyorukwa, na kila saa iandikwe katika daftari la safari la mwanafunzi na kusainiwa na mkufunzi.

Mwisho, katika fedha za mauzo, fungu la miezi 12 hadi 24 baada ya leseni litengwe mapema. Litalipia upya kipimo cha afya, kuruka mara kwa mara ili ujuzi usipotee, na nauli za kutafuta kazi. Kama bei ya kiwanja haitoshi kwa kozi na fungu hilo kwa pamoja, ni afadhali kusubiri kuliko kuuza.