Ugeuzaji wa Aina za Data na Hatari Zake: Mfano wa Roketi ya Ariane 5

Katika kumbukumbu ya kompyuta hamna namba wala herufi. Mna biti tu, yaani alama za 0 na 1. Maana ya biti hizo huamuliwa na aina ya data ambayo programu imezipatia. Hali hii yaweza kulinganishwa na neno "kaa": "kaa hili" ni la moto, "kaa huyu" ni wa pwani. Umbo ni moja. Upatanisho wa ngeli ndio uonyeshao maana. Vivyo hivyo, biti 16 ambazo zote ni 1 husomwa kuwa 65,535 katika aina isiyokubali hasi, na kuwa -1 katika aina iikubaliyo.

Hatari huzuka pale thamani inapogeuzwa kutoka aina pana kwenda aina finyu. Mfano bayana ni roketi ya Ariane 5, iliyorushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996. Programu ya mfumo wake wa kupima mwelekeo iliandikwa kwa lugha ya Ada, na ilirithiwa kutoka Ariane 4. Ndani yake, thamani ya desimali ya biti 64, iliyohusiana na kasi ya mlalo, iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Kasi ya mlalo ya Ariane 5 ilikuwa kubwa kuliko ya mtangulizi wake, kikomo kikavukwa. Kosa liligunduliwa na mfumo wenyewe, lakini agizo lililowekwa lilikuwa kutoa taarifa na kusimamisha kompyuta. Kompyuta ya akiba, yenye programu ile ile, ilikuwa imekwisha kusimama.

Kosa la pili likafuata. Kompyuta kuu iliisoma taarifa ya hitilafu kana kwamba ni data za safari: kaa la moto likadhaniwa kaa wa pwani. Roketi iligeuka ghafla, ikavunjika na kujilipua pamoja na setilaiti nne za Cluster.

Tume iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilibainisha kuwa vigeu 7 vilikuwa hatarini. 4 vilikingwa na 3 viliachwa, ili kompyuta isielemewe. Aidha, hesabu iliyoleta kosa haikuwa na manufaa yoyote baada ya Ariane 5 kupaa.

Katika lugha ya C, ugeuzaji wa namna hii hauna hata matokeo yaliyobainishwa. Kwa hiyo, programu ihamishwapo, mipaka ya kila thamani haina budi kuhakikiwa upya.