Lau Nixon Angalishinda

Katika chaguzi zote za urais wa Marekani ambazo watu hupenda kuzipindua kwa fikira na kuuliza ingalikuwaje lau aliyeshindwa angalishinda, sijaona unaotamanisha kama ule wa tarehe 8 Novemba 1960, ambao John Kennedy, seneta wa Massachusetts, alimpita Richard Nixon, makamu wa rais wa wakati huo, kwa kura zipatazo 113,000 tu katika jumla ya kura karibu milioni 69.

Lakini rais wa nchi ile hatawazwi kwa wingi wa kura za raia. Huchaguliwa na wajumbe, ambao kila jimbo limepewa idadi yake, na aghalabu wajumbe wote wa jimbo humwendea aliyeongoza humo, japo kwa kura moja. Mwaka ule wajumbe walikuwa 537, na mshindi alihitaji 269. Kennedy alipata 303 na Nixon 219, na 15 waliosalia walimpa Harry Byrd, seneta wa Virginia, ambaye hakuwa hata mgombea. Hapa ndipo wasimulizi wengi hukosea hesabu, kwani hudai kwamba Illinois, ambako Kennedy aliongoza kwa kura zisizotimia 9,000, na ambako meya wa Chicago, Richard Daley, alituhumiwa na mahasimu wake kwa hila za kura, ndiyo iliyokata shauri. Sivyo. Toa wajumbe 27 wa Illinois katika 303, Kennedy hubakiwa na 276, naye ni rais vilevile. Ili Nixon ashinde, sharti aipate na Texas, kwao Lyndon Johnson, mgombea mwenza wa Kennedy, yenye wajumbe 24; ndipo angalifika 270. Kuzigeuza kura 9,000 ni kazi nyepesi kwa mwenye kuwaza, lakini zile 46,000 za Texas zataka sababu, na sababu hiyo mimi sijaiona.

Haya, tuseme imekuwa. Sisi wa Afrika Mashariki tungalipoteza nini? Watu hutaja upesi safari za ndege za wanafunzi waliokwenda kusoma Marekani, kwa kuwa Julai 1960 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alimwendea Kennedy huko Hyannis Port kuomba msaada wa nauli, na wakfu wa jamaa yake ukaahidi dola 100,000. Lakini hayo yalitendeka kabla ya kura kupigwa, na upande wa Nixon nao uliihimiza Wizara ya Mambo ya Nje itoe fedha, kwa maana wote wawili walikuwa wakiwania mapenzi ya wapiga kura weusi. Penye tofauti ya hakika ni Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, wazo la Kennedy ambalo Nixon alilibeza katika kampeni. Bila ya Kennedy, yamkini wapimaji barabara na wahandisi vijana waliotumwa Tanganyika mwaka 1961 wasingalikuja.

Kuhusu Kongo, wenye mapenzi na Kennedy hunyanyua sauti, ilhali kalenda yawakatalia: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na Kennedy akala kiapo tarehe 20. Siku ile ya mauaji rais alikuwa Eisenhower, na ingalikuwa hivyo hivyo hata Nixon angalishinda.

Nixon mwenyewe hakuupeleka ushinde wake mahakamani. Tarehe 6 Januari 1961, akiongoza kikao cha kuhesabu kura za wajumbe kwa mujibu wa cheo chake, aliletewa hati zilizopingana kutoka Hawaii, jimbo ambalo kwanza lilitangazwa kuwa lake, kisha kura zikahesabiwa upya na kumpa Kennedy ushindi wa kura 115. Akapendekeza wajumbe watatu wa Hawaii wahesabiwe kwa Kennedy, kikao kikaridhia, naye kwa kinywa chake akatangaza kwamba ameshindwa.