Faili Zinapogoma Kubanwa
Seva ya wavuti, yaani programu inayosambaza kurasa za intaneti, huweza kubana faili za maandishi kwa mbinu ya gzip kabla ya kuzituma, ili msomaji apunguziwe data anayoilipia. Katika programu ya Nginx, hata hivyo, agizo la "gzip on" pekee hubana kurasa za HTML tu, huku faili za CSS zinazopamba ukurasa na zile za JavaScript zikitumwa bila kubanwa hadi aina zake zitajwe katika agizo la "gzip_types", jambo ambalo baadhi ya mafundi huligundua wakiwa wamekwisha kuilaumu mitandao ya simu. Jibu linalofika kwenye kivinjari likikosa maneno "Content-Encoding: gzip", faili hiyo haikubanwa kwa gzip. Picha za JPEG zisiongezwe katika "gzip_types", kwa kuwa tayari zimebanwa.