Rangi Iliyolipiwa Haipo Ukutani

Dipoziti za wapangaji wa Nairobi huliwa na rangi. Nimesoma jumbe nyingi za watu waliohama ploti zao, na hesabu wanazoandikiwa hufanana: kidogo cha stima, kidogo cha maji, kitasa kilicholegea, kisha rangi, nayo inameza kilichobaki chote. Nikaona heri nimtafute anayezipaka.

Nilimpata Zimmerman, orofa ya tatu, ndani ya bedsita ambayo mpangaji wake alikuwa ametoka kuhama. Fundi wa makamo, kofia imejaa madoa. Alikubali kuzungumza bila jina lake kuandikwa. Kabla sijafungua daftari, aliniita nyuma ya mlango.

“Njoo uone huku, dada. Hapa hakuna anayehangaika kupiga msasa.”

Akatoa kisu cha kukwangulia, akakwangua taratibu kipande kisichozidi ukubwa wa kitambulisho. Juu ilikuwa krimu. Chini yake krimu nyingine, iliyoingia weusi wa jiko la mafuta taa. Ikafuata buluu iliyofifia, na mwisho nyeupe iliyoshikana na plasta tangu jengo lilipokamilika. Tabaka nne, na ile ya chini kabisa ni ya mjenzi. Fundi akamwita keateka aliyekuwa akiosha ngazi, akamwuliza ni wapangaji wangapi wamepita humo. Kijana akahesabu kwa vidole: nesi, wanafunzi wawili walioshirikiana chumba, mwendesha boda, mama wa mapacha, kinyozi… Alifika saba, kisha akakumbuka kwamba naye alikuta watu humo alipoajiriwa. Na wote walikatwa pesa za rangi? Wote, alijibu, kama mtu aliyeulizwa iwapo mvua hulowesha.

Saba walilipia. Ukuta unaonyesha mara tatu.

Fundi hakushangaa. Chumba kama hicho, alinieleza, ukikipaka rangi ya maji mkono mmoja, lita nne zinatosha, na wengi huongeza maji zaidi. Ndoo ya lita 20 itamaliza vyumba vitano. Lakini kila anayehama huandikiwa kana kwamba ndoo nzima imeishia kwake. Kuna nyakati haagizwi kupaka chumba kizima; anaambiwa aguseguse tu: kandokando ya swichi, chini ya dirisha, na pale kichwa cha mtu kinapoegemea ukutani juu ya kitanda. Mpangaji mpya huletwa jioni, na balbu hafifu humalizia kazi.

Si kwamba anawatetea wapangaji wote. Amekwangua picha zilizobandikwa kwa supaglu, amesugua mafuta ya chapati ya miaka, na anawajua wanaosema dipoziti ndiyo kodi ya mwezi wa mwisho kisha wanahama usiku. Ila rangi ya maji hupauka kwa jua hata chumba kikiwa kitupu. Mikataba mingi hudai nyumba irudishwe kama ilivyokuwa. Ilivyokuwa lini? Siku aliyoingia nesi, au kinyozi?

Kisheria, baraza linaloamua kesi za kodi ya nyumba linabanwa na sheria kuukuu inayogusa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi; katafute hiyo Zimmerman. Njia iliyo wazi zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021. Inapokea madai ya hadi shilingi milioni moja, hailazimishi wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Lakini hakimu atataka kuona kitu.

Hapo fundi ana ushauri ambao sijausikia kwa wakili. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, kabla godoro halijaingia, piga picha ukianzia nyuma ya mlango, chini ya sinki, na kona ya juu ya bafu. Zitume picha zote kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo, ili tarehe ijiandike yenyewe. Dipoziti ilipwe kwa M-Pesa, si mkononi. Siku ya kuhama, zungukeni na keateka huku simu ikirekodi. Wakikukata, dai risiti ya rangi na ya fundi.

Nikamwuliza risiti ya fundi huandikwa na nani.

“Kitabu ni changu,” alisema. “Lakini wengine huniomba niweke sahihi tu, tarakimu watajaza wao.”

Na huwa anaiweka?

“Dada, nina watoto wawili sekondari.”

Nikamwuliza kama angekubali kusimama Milimani kumtolea ushahidi mmoja wa wale saba. Akacheka, akachovya brashi. Jumatatu ana vyumba viwili vingine katika ploti hiyohiyo, alisema, na mwenye nyumba amekwisha kumlipa nusu.