Mijadala ya usiku runingani: Uhondo na hatari zake

VOI ni mji wa wasafiri, na usiku wengi wao hukesha hotelini wakitazama mijadala ya runinga. Kivutio ni kwamba mwanasiasa huhojiwa moja kwa moja, bila kuhaririwa.

Hatari imo papo hapo. Mwaka 2016, KTN ilikatiza kipindi cha Jeff Koinange Live baada ya Miguna Miguna kumtolea mgeni mwenzake, Esther Passaris, matamshi ya kumdhalilisha. Saa nne usiku hulegeza masharti ya utangazaji, lakini haihalalishi matusi.

Kisha kuna umbali. Studio ziko Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Mkulima wa Taita Taveta aliyeharibiwa mimea na ndovu wa Tsavo atafikaje usiku huo kuwajibu wakubwa?